Pampu Ngapi Zinatembea?

Laurentine Kabongo alifukuzwa kazi Jumatatu, akafukuzwa nyumbani Jumanne, na Jumatano ya wiki ya pili alikuwa bado ameketi chini kwenye stesheni ya treni ya Kolwezi pamoja na mume wake Mulumba, godoro moja, sufuria mbili, na maelfu ya watu wengine ambao kosa lao lilikuwa kwamba babu zao walitoka mkoa wa Kasai. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na asiyetaka kusikia habari zake ajizibe masikio. Mishahara ilikuwa haionekani, shaba ilikuwa haitoki, maduka yalikuwa yameporwa, na wakubwa, badala ya kusema nani amekula, waliwashika vijana wenye njaa bega wakawaonyesha jirani zao. Hawa hapa, wakasema. Hawa bilulu, hawa wadudu, ndio walikula.

Na Laurentine Kasai yenyewe hakuwahi kuiona! Alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaenda Kinshasa kusomea mambo ya mawimbi ya sauti, akarudi Kolwezi na diploma yake na miwani minene. Nyumba yake ya mtaa wa Manika aliijenga kwa jasho lake. Lakini ukiwa umeitwa mdudu, nani anakuuliza cheti cha ubatizo?

Kazi yake ilikuwa katika kituo kidogo cha utafiti kwenye mgodi wa Nsangwa, nje kidogo ya mji. Kituo kilikuwa cha Leta, yaani cha serikali, si cha kampuni. Miaka kadhaa nyuma mwamba uliporomoka katika mgodi mwingine huko, na watu waliozikwa hai waligonga mawe mpaka wakachoka kugonga, na waliokuwa juu hawakusikia kitu. Ndipo Leta ikatoa pesa, kwa mara hiyo moja ikatoa kweli, ili watafute namna ya kusema na watu walio chini. Redio haipiti kwenye mwamba wala kwenye maji. Sauti, hiyo inapita majini, na inapita vizuri. Mgodi wa Nsangwa ulikuwa umejaa maji katika vichochoro vyake vya chini, kwa hiyo Laurentine akaamua maji yenyewe yabebe habari.

Alifanya hivi. Kule chini, kwenye chumba cha pampu, kulikuwa na kisanduku chenye vibonye vichache: kimoja kilisema tuko wazima, kingine kilisema maji inapanda, kingine kilisema mututoshe, yaani mtutoe. Ukifinya, kisanduku kinalia ndani ya maji. Sauti inasafiri mpaka kwenye sikio la maji, chombo kilichoning'inizwa shimoni kwa waya mrefu wa shaba, na huo waya unaipeleka juu kwenye komputa ya kituo. Shida ilikuwa kelele, maana pampu zinanguruma kutwa. Kwa hiyo komputa ilifundishwa kuijua kelele ya pampu, kuitupa, na kuandika kwenye karatasi yale maneno ya watu tu. Ilimchukua Laurentine miaka ya kufanya na kufuta, na siku ilipofaulu aliimba peke yake ofisini.

Sasa pale stesheni alikuja Safi, mke wa Abibu, msimamizi wa zamu ya pampu. Safi na mume wake walikuwa Waislamu waliotoka upande wa mashariki, hakuna aliyewagusa bado, na Safi alikuwa na moyo wa kuleta chakula kwa watu waliofukuzwa. Alimpa Laurentine mikate ya mafuta iliyofungwa kwenye karatasi, akachuchumaa karibu naye.

"Mama Laurentine, ile mashini yako ilikufa?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Tangu bakufukuze, haisemi kitu. Karatasi inatoka nyeupe tu. Kamati banashangilia, banasema unaona, bilulu balienda, chini kuko amani. Lakini Abibu yangu anafinya kila asubuhi. Tuko wazima, tuko wazima, anafinya mpaka kidole inauma! Akipanda juu mangaribi, banamuambia alilala."

Laurentine aliacha kutafuna. Simu ya chini ilikuwa imekufa siku nyingi, waya wake umeibwa, na kengele ya lifti nayo vilevile. Isipokuwa ile mashine, wale watu hawakuwa na mdomo mwingine.

"Abibu iko chini leo?"

"Iko chini. Na bengine bote ya zamu yake."

Laurentine akasimama, akajifunga kitenge upya, akatafuta viatu vyake. Mulumba akamshika mkono.

"Weye! Unaenda wapi?"

"Nsangwa."

"Nsangwa! Laurentine, bantu banakufa hapa na kuhara, hatuna maji, hatuna choo, na weye unawaza pampu?"

"Siwazi pampu, Mulumba. Nawaza bantu. Pampu haina mama."

"Na treni ikifika?"

"Ikifika, panda. Miye nitakuya na ingine."

"Ingine! Unafikiri ni taksi?" Mulumba alikuwa na machozi ya hasira. Lakini alikuwa amemwoa kwa muda mrefu, akajua mkono huo hauzuiliki, akauachia. "Basi kula kwanza huo mukate," akasema, na Laurentine akaula akitembea, Safi akimfuata nyuma na bidoni yake tupu, dumu la kuchotea maji.

Getini Nsangwa alisimama Kalumba, mwenyekiti wa kamati ya vijana, ile iliyokuwa ikifukuza watu. Zamani alikuwa karani wa stoo, mtu wa kusalimia kila mtu kwa heshima, kwanza yeye ndiye aliyekuwa akimwita Laurentine "mama ingenieur," mama mhandisi, mpaka mwenyewe anaona haya. Siku hizi alivaa kitambaa chekundu kichwani, na nyuma yake walikuwa vijana wenye fimbo. Macho yake yalikuwa hayatulii, yanarudi kila mara kwenye ule waya wa shaba ulioingia shimoni. Mtu yeyote wa Kolwezi angejua anawaza bei ya shaba.

"Unatafuta nini huku? Treni yenu iko kule."

"Sikufanya remise-reprise," Laurentine akasema.

Kalumba akarudi nyuma hatua moja. Na hapo lazima msomaji aelewe kitu. Katika nchi hii mtu anaweza kuiba ofisi nzima na paa lake, lakini kutoka ofisini bila remise-reprise, hapana, haijawahi kuonekana. Anayetoka anakabidhi, anayeingia anapokea, mbele ya mashahidi, kitu kwa kitu, mpaka kiti kilichovunjika mguu. Anayekalia kiti bila kukabidhiwa ni mwizi, na kila kitakachopotea, hata kilichopotea wakati wa Wabelgiji, kitaulizwa kwake. Kalumba alikuwa karani miaka mingi. Aliweza kumfukuza mwanamke nyumbani kwake bila kupepesa macho, lakini hilo la remise-reprise lilimtia jasho.

"Kinshasa bakiuliza kesho," Laurentine akaongeza, "nitasema miye sikuachia mutu. Bitu yote iko juu ya kamati."

"Ufanye haraka," Kalumba akasema. "Na kiisha uende."

Aliyekuwa amekalia kiti chake ni Barnabé Mbayo. Huyo alikuwa msaidizi wake tangu kituo kifunguliwe, Mluba wa Katanga, si wa Kasai, mtu mpole, mtu wa kuandika ripoti nzuri za kuomba pesa Kinshasa. Alikuwa akimwita Laurentine "yaya," dada mkubwa, na watoto wake walikuwa wakila bukari, yaani ugali, nyumbani kwa Laurentine kila Jumapili. Alipomwona mlangoni alisimama upesi mpaka kiti kikaanguka.

"Bonjour, Madame," akasema.

Madame! Hilo lilimuuma Laurentine kuliko bilulu. Alifungua madirisha yote, akasema kwa sauti kwamba remise-reprise ni ya mbele ya watu, na wale wanawake waliokuwa wakikinga maji ya pampu kwenye bomba la uani wakasogea na mabidoni yao kutazama. Kalumba hakupenda. Lakini mashahidi ni mashahidi.

"Meza, moja," Laurentine akaanza. "Kabati, moja, haifungi. Komputa, moja. Waya wa shaba, mpaka chini, muzima." Alilisema hilo la waya akimtazama Kalumba. "Sasa masikio. Barnabé, sikiliza Abibu. Nikisoma neno yake kwenye karatasi, naenda. Nisiposoma, siendi, hata munipige hapa."

Barnabé akaketi, akawasha, akangoja. Printa ikalia, karatasi ikatoka. Nyeupe. Ikatoka tena. Nyeupe tu.

"Unaona?" Kalumba akacheka. "Amani! Hata chini bamejua kama balienda. Vijana, kazi imeisha. Mutoshe ule waya, mashini ni kiziwi."

Vijana wawili wakatoka mbio kuelekea shimoni. Laurentine akawatangulia. Hakuwa mwembamba na hakuwa kijana, lakini alifika kwanza, akaketi juu ya lile gurudumu kubwa la mbao ambalo waya ulizungushiwa, akakunja mikono. Mmoja akainua fimbo. Laurentine akamtazama tu, akamwambia: "Piga, mutoto yangu. Mama yako iko pale na bidoni, atakuona." Na kweli mama yake alikuwa pale. Fimbo ikashuka yenyewe.

"Barnabé!" Laurentine akaita kutoka pale pale, dirisha lilikuwa wazi. "Kipimo cha pampu uliweka ku ngapi?"

"Ku ine, Madame." Nne, maana yake.

"Juu ya nini ku ine?"

"Bulletin ya kila asubuhi inasema pampu ine inatembea."

Laurentine alifumba macho. Alielewa yote. Hiyo bulletin ilikuwa karatasi iliyotoka kwa Direkta mpya wa mgodi, aliyewekwa baada ya yule wa kwanza kufukuzwa kwa sababu ya jina lake la Kikasai. Direkta alitangaza kwamba tangu bilulu waondoke pampu zote nne zimefufuka. Ulikuwa uongo, na kila mtu alijua ni uongo, na kila mtu aliuandika jinsi ulivyo. Laurentine hakuwahi kuitumia ile bulletin hata mara moja. Yeye kila asubuhi alikuwa akienda kwenye bomba la kutokea maji, anaweka kiganja chake juu ya chuma, anasikia mtetemo, anajua zinatembea ngapi, ndipo anaiambia komputa. Barnabé, mtu wa karatasi, akaiambia komputa kile ambacho karatasi ya mkubwa ilisema. Na komputa haijui siasa. Ikaambiwa kuna kelele ya pampu nne, ikatafuta kelele nene ya pampu nne, isiione, ikachukua sauti za watu ikazitupa mahali pake. Siku zote hizo Abibu alikuwa akisema tuko wazima, na uongo wa Direkta ndio uliokuwa ukiyala maneno yake.

Hasira ilimpanda Laurentine. Hakuinuka kwenye waya.

"Barnabé. Mwenye kupokea anasema na kinywa yake kile anapokea. Hiyo njo remise-reprise. Sema, bantu basikie: pampu ngapi inatembea?"

"Bulletin inasema..."

"Sikuuliza bulletin! Bulletin haina masikio. Nauliza weye."

"Ni ine!" Kalumba akapaza sauti. "Direkta mwenyewe alisema ku radio!"

"Ine?" Hiyo ilikuwa sauti ya Safi. Aliinua bidoni yake juu watu waione. "Kalumba, kuya huku. Zamani bidoni ilikuwa inajaa mbele sijamaliza kusalimia bantu. Sasa angalia, tumesimama hapa yote, maji inatoka sawa mate ya muzee. Hiyo njo pampu ine?"

Wanawake wakacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Kalumba akawafokea wanyamaze. Hawakunyamaza.

Barnabé alikuwa amesimama dirishani. Jasho lilimtoka kichwani likamwingia machoni na hakulifuta. Laurentine alimjua, alijua mtu huyo anaogopa hata mbwa wa jirani. Akamwonea huruma, na hasira haikupungua kwa sababu ya huruma.

"Yaya," Barnabé akasema polepole. "Nikisema, batanifukuza."

"Miye balinifukuza, Barnabé. Uniangalie. Sijafa."

Barnabé akamwangalia. Akamwangalia kitenge chake chenye vumbi la stesheni na miwani yake iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Halafu akafungua mdomo na sauti ikatoka nyembamba, ikavunjika, akaanza upya.

"Moja. Pampu inatembea moja! Ile ingine tatu ilikufa tangu mbele ya Noeli!"

Barnabé akarudi kwenye komputa, akageuza kipimo kutoka nne mpaka moja. Printa ikakaa kidogo. Halafu ikalia, ikalia tena, haikusimama. Barnabé akaivuta karatasi, akasoma kwanza kimya, kisha akaisoma kwa kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Maji inapanda! Mututoshe! Maji inapanda! Mututoshe! Yaya, ni ile ile tu, mustari kwa mustari!"

Safi aliangusha bidoni. Hakupiga kelele, alikimbia moja kwa moja kwenye lifti ya mgodi, na wanawake wengine wakamfuata, na yule kijana wa fimbo akaitupa fimbo akakimbia pia. Mwendeshaji wa lifti alikuwa amesinzia kwenye kibanda chake akingoja mwisho wa zamu. Walimwamsha kwa makofi. Lifti ikashuka, ikakaa kule chini muda ambao Laurentine hakuweza kuupima, alikuwa akisema tu kwa sauti ndogo, pandeni, pandeni, pandeni. Ilipoanza kurudi alijua kwa jinsi kamba ilivyokazana kwamba ina watu.

Walitoka wamelowa mpaka kifuani, weusi kwa tope, wakitetemeka. Abibu alitoka wa mwisho. Safi akamrukia, akampiga ngumi kifuani, akamkumbatia, akampiga tena.

"Pampu ya mwisho ilisimama asubuhi!" Abibu alikuwa amekauka koo. "Nilifinya, nilifinya, maji ikafika ku magoti, ikafika ku kiuno, nikafinya! Ninyi huku juu mulikuwa munafanya nini?"

Ndiyo kusema hata ile moja ya Barnabé ilikuwa imekwisha kuwa ukweli wa jana, na yale matone ya bombani masalio tu. Lakini ukweli wa jana ulikuwa karibu kutosha kuwasikia, na uongo haukuwa karibu na kitu chochote.

Kalumba alivua kile kitambaa chekundu, akakikunja, akakitia mfukoni. Alimjia Laurentine, ambaye sasa tu ndiyo alikuwa anainuka kwenye gurudumu la waya na kunyoosha mgongo.

"Mama ingenieur," akasema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya stoo. "Nitasema na kamati. Batakusamehe. Tutakupatia karatasi, ubakie na kazi yako. Hata na bwana yako."

Watu walisikiliza. Safi alimwashiria kwa kichwa kumhimiza, kubali, mama, kubali. Na Laurentine aliitaka. Msiseme hakuitaka! Aliitaka nyumba yake ya Manika, kitanda chake, komputa yake, asubuhi zake na kiganja juu ya chuma.

"Banisamehe nini?" akauliza. "Kuzaliwa?"

Akanyoosha kidole upande wa stesheni.

"Kule gare kuko batoto banazikwa kando ya reli. Balifanya nini? Ulete bale bantu bote, bote, na magodoro yabo, barudi ku manyumba yabo, njo miye nitabakia. Lakini kubakia peke yangu juu niko na faida kwenu, hapana. Miye siko musumari, Kalumba, ya kuchagua mu takataka."

Halafu akawageukia wanawake na wale watu wa pampu waliolowa.

"Muangalie huu waya. Si yangu, si ya Bakasai, si ya kamati. Ni ya Leta, na Leta ilinunua na makodi yenu, ile munalipa ku soko na makala yenu ya kupikia na unga yenu. Ni yenu. Nawaachia ninyi. Mumeona?"

"Tumeona!" wakajibu.

"Munapokea?"

"Tunapokea!" Na Abibu, bado akitiririka maji, akaenda akaketi juu ya lile gurudumu, palepale alipokuwa ameketi Laurentine. Vijana wa kamati wakatafuta mahali pengine pa kutazama.

Barnabé akamsindikiza mpaka getini. Akamshika mikono miwili. "Kila asubuhi uende ku bomba," Laurentine akamwambia. "Weka mukono. Usimuulize mutu."

"Ndiyo, yaya."

Alikuwa hajafika mbali barabarani alipopishana na jeep ya Direkta ikienda Nsangwa kwa kasi, vumbi juu. Habari zilikuwa zimekwisha kukimbia. Laurentine akasogea pembeni, akageuka kutazama getini, maana sasa ndipo ingejulikana. Mbele ya fimbo, mbele yake yeye, Barnabé alisema. Lakini mbele ya mkubwa, yeye akiwa hayupo? Wale watu watashuka tena siku nyingine. Kama Barnabé atarudi kwenye nne, watashuka bila mdomo.

Jeep ikasimama getini. Alisikia mlango ukifungwa, akasikia mtu akifoka, maneno hakuyashika. Laurentine alisimama katikati ya barabara na mkono kifuani.

"Hakuna!" Ilikuwa sauti ya Barnabé, na haikuvunjika. "Direkta, hakuna hata moja! Yote ilikufa! Andika!"

Yule mtu akafoka tena. Na sasa sauti ya Barnabé haikuwa peke yake, wanawake walikuwa wakisema naye, na Abibu, na wale wa zamu yake, wote wakisema hakuna, hakuna, andika, mpaka kufoka kwa Direkta hakukusikika tena.

Laurentine akavua miwani akaifuta, maana alikuwa haoni njia. Kisha akaivaa, akashika barabara ya stesheni akitembea haraka, ili akamkute Mulumba kabla treni haijafika.